Wikendi Moja Conwy: Mwongozo Kamili wa Kuutembelea Mji wa Ngome Kaskazini mwa Wales

Watu wengi wanaofika Conwy hushuka kwenye basi la watalii, huingia ngomeni kwa muda wa saa moja na nusu, hula samaki na chipsi gatini, hupiga picha mbele ya nyumba ndogo nyekundu, na jioni ikikaribia huwa wamekwisha kuondoka. Si vibaya, lakini aliyefanya hivyo ameona ngome tu, na ngome ya Conwy peke yake haijielezi. Mahali hapa palijengwa pawe kitu kimoja chenye sehemu mbili, ngome na mji uliozungushiwa ukuta, na vyote viwili vilisimamishwa pamoja kati ya mwaka 1283 na 1287 kwa amri ya Mfalme Edward I wa Uingereza, mara baada ya majeshi yake kuwashinda watawala wa Kiwelshi wa Gwynedd, dola ya kaskazini mwa Wales. Mpangilio wa mwongozo huu unafuata jambo hilo: mgeni aanze nje, kisha apande ukutani, na ngomeni aingie mwisho. Mara yangu ya kwanza nilikwenda kinyume, nikatoka ngomeni miguu ikiuma kwa ngazi na nisijue hasa nimeona nini. Mara ya pili nilianza na ukuta, na minara ile ile ikaanza kueleweka.

Mji wenyewe ni mdogo mno. Ukuta mzima una urefu wa kilomita 1.3 hivi, na ndani yake unaweza kutembea kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa dakika kumi. Siku mbili zinatosha kwa raha, mradi usizijaze safari za kwenda Llandudno, Caernarfon na milima ya Eryri kwa mpigo.

Hatua ya kwanza: Kuchagua wikendi

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Mchana ni mrefu, mvua haikosekani lakini haikai kutwa, na vichochoro vya ndani ya ukuta hupitika. Wikendi za Agosti shule zimefungwa, magari hupanga foleni kwenye malango yaliyojengwa kwa ajili ya mikokoteni, na hata kupata meza ya chakula cha mchana ni kazi. Majira ya baridi yana utulivu wake, ila jua la Desemba huzama karibu na saa kumi jioni, saa za kuingia ngomeni hupunguzwa, na nyumba ya Plas Mawr, ambayo nitaieleza mbele, hufungwa.

Kama ratiba yako inaruhusu, angalia tarehe 13 Septemba, siku ya gulio la asali. Wafugaji wa nyuki wa eneo hilo huleta asali yao na kuipanga juu ya meza katika barabara kuu ya mji, kwa haki ambayo desturi inasema ilitolewa na Edward I mwenyewe. Lipo pia gulio la mbegu, tarehe 26 Machi. Magulio haya ni ya wenyeji hasa, mtalii ni mpita njia tu, na asali huisha mapema; anayefika mchana hukuta mitungi michache.

Kitu cha pili cha kuangalia kabla ya kukata tiketi ni jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Mto Conwy unakutana na bahari hapo hapo mbele ya ngome, na tofauti ya maji makuu na maji mafu ni kubwa. Maji yakijaa, ngome inaonekana kana kwamba imeota kutoka mtoni. Yakipwa, boti hulala ubavu juu ya matope na ndege huingia kutafuta chakula. Anayetaka picha ya kioo cha maji apange jioni ya Ijumaa au alfajiri ya Jumamosi iangukie wakati wa kujaa.

Msomaji Mwislamu azingatie pia kwamba mwishoni mwa Juni jua huzama karibu na saa nne kasorobo usiku, kwa hiyo Magharibi na Isha husogea usiku sana, na ratiba ya chakula cha jioni inapaswa kupangwa kwa kujua hilo.

Hatua ya pili: Kufika

Viza ya Uingereza ndiyo hiyo hiyo inayotumika Wales, na hakuna ukaguzi wa pasipoti unapoingia kutoka upande wa Chester. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya atahitaji viza ya matembezi kabla ya kuondoka. Anayeishi London, Manchester au Birmingham hahitaji zaidi ya tiketi ya treni.

Kutoka London, treni huanzia stesheni ya Euston, na safari hadi Llandudno Junction huchukua kama saa tatu au zaidi kidogo, mara nyingi kwa kubadilisha treni Crewe au Chester. Kutoka Manchester ni takribani saa mbili. Baada ya Chester keti upande wa kulia wa treni, kwa sababu reli inafuata mlango wa mto Dee na kisha pwani, na kuna mahali ambapo mawimbi yanakaribia kugusa tuta la reli.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Conwy ina stesheni yake, ndani kabisa ya ukuta wa kale, lakini ni kituo cha kuomba. Treni nyingine hazisimami kabisa, na zile zinazosimama husimama kwa ombi tu: aliye ndani humwambia kondakta mapema, na aliye jukwaani hunyoosha mkono dereva amwone. Mimi niliambiwa haya nikayadharau, nikamtafuta kondakta tukiwa tayari darajani, na nikaiona ngome ikipita dirishani pole pole, karibu kiasi cha kuigusa, huku treni ikiendelea na safari. Nilishuka kituo kilichofuata na kungoja treni ya kurudi kwenye baridi. Ikiwa una mzigo mwingi au hupendi wasiwasi, shuka Llandudno Junction, ambako treni zote za njia hiyo husimama, kisha tembea dakika ishirini hivi kuvuka mto, au chukua teksi. Kwa kweli kuingia mjini kwa miguu kupitia darajani ni bora kuliko kushuka ndani ya ukuta, kwa sababu utaiona ngome kama walivyoiona waliojengewa ili waogope.

Anayekwenda kwa gari atafuata barabara ya A55 kutoka Chester. Barabara hiyo hupita chini ya mto kwa njia iliyofunguliwa mwaka 1991, kwa hiyo usiposhika njia ya kutokea mapema utajikuta umepita chini ya mto na mji umebaki nyuma. Uendeshaji ni wa kushoto kama kwetu, lakini vibao vinahesabu maili, na tangu Septemba 2023 mwendo wa kawaida katika maeneo ya makazi ya Wales ni maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Usijaribu kuegesha ndani ya ukuta. Maegesho makubwa yako nje, upande wa kusini wa ngome, na kutoka hapo ni mwendo wa dakika tano.

Maneno machache ya Kiwelshi kabla hujafika

Vibao vyote vimeandikwa kwa lugha mbili, na msemaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuvisoma kuliko Mwingereza mwenyewe. Mkazo wa neno la Kiwelshi kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na kwetu. Herufi *dd* ni *dh* ya dhahabu, *th* ni ile ya thelathini, na *ch* ni *kh* ya kheri. Herufi *f* moja husomwa *v*, na *ff* mbili ndiyo *f* yetu. *W* mara nyingi ni irabu, *u*, kwa hiyo jina la mji ni Kon-ui, si Konwei. Iliyobaki ngumu ni *ll*: weka ulimi kama unayetaka kusema *l*, kisha badala ya sauti pitisha pumzi pembeni mwa ulimi.

Neno ARAF lililochorwa kwa rangi nyeupe barabarani linaonya dereva aende pole pole. *Gorsaf* ni stesheni, *allanfa* ni njia ya kutokea, *llwybr cyhoeddus* ni njia ya miguu iliyo wazi kwa watu wote. Salamu ya asubuhi ni *bore da*, na shukrani ni *diolch*. Mwenye duka akisikia *diolch* iliyotamkwa sawasawa kutoka kwa mgeni, mazungumzo hubadilika, na ndivyo nilivyopata kuelekezwa ngazi ya ukutani ambayo nilikuwa nimeipita mara mbili bila kuiona.

Hatua ya tatu: Malazi

Lala ndani ya ukuta, hata kama ni chumba kidogo juu ya baa au nyumba ya kulala wageni yenye vyumba vitatu. Jioni, magari ya watalii yakishaondoka, mji hubaki na watu wake, taa huwashwa chini ya ngome, na sauti inayobaki ni ya shakwe na kamba za boti zikigonga milingoti. Aliyelala Llandudno kwa sababu ya hoteli nafuu hukosa saa hizo, nazo ndizo bora katika wikendi nzima. Uliza mapema kuhusu ngazi, kwa kuwa nyumba nyingi ni za zamani na hazina lifti, na uliza pia mahali pa kuegesha. Hosteli ya vijana iko juu ya kilima nje ya ukuta, ni nafuu, na mandhari yake ni ya kuridhisha, ila kupanda kurudi usiku kunahitaji mapafu.

Hatua ya nne: Ijumaa jioni, kuitazama kutoka nje

Weka mizigo na utoke upesi, uende upande wa mashariki hadi madarajani. Yako matatu, yamebanana kama watu kwenye benchi. La katikati ni daraja la kuning'inia la Thomas Telford, lililofunguliwa mwaka 1826, na minara yake ilichongwa meno ili ifanane na ngome. Upande wa kusini ni daraja la reli la Robert Stephenson la mwaka 1848, ambalo kwa kweli ni bomba la chuma lenye pembe nne, na treni hupita ndani yake. Upande wa kaskazini ni daraja la magari la mwaka 1958, na juu yake ndimo utakamopita hadi ng'ambo.

Ukishavuka, geuka. Hesabu minara minane, minne ya mbele na minne ya nyuma, na utaona kwamba minne iliyo upande wa mto ina vijinara vyembamba juu yake. Hiyo ndiyo iliyozunguka makazi ya mfalme. Fikiria pia kuta zote zikiwa nyeupe, kwa maana zilipakwa chokaa, na mabaki yake bado yanaonekana mahali mahali. Rangi ya kijivu tunayoiona imekuja na umri; aliyeitazama kutoka milimani katika karne ya 13 aliona kitu cheupe kinachong'aa, kisichofanana na jengo lolote alilopata kuliona.

Kilichokuwapo hapo kabla ni cha kukumbuka wakati unatazama. Palikuwa na abasia ya watawa wa Sistersiani, Aberconwy, na ndimo alimozikwa Llywelyn ab Iorwerth, aitwaye Llywelyn Mkuu, mwaka 1240. Mjukuu wake, Llywelyn ap Gruffudd, aliuawa tarehe 11 Desemba 1282, na miezi michache baadaye Edward alikuwa ameshafika mtoni. Aliwahamisha watawa hadi Maenan, juu ya bonde, na akaujenga mji wake juu ya makaburi ya watawala aliowashinda. Kuna mahali pengi pa kujenga ngome katika mlango huo wa mto. Kuchagua hapo kulikuwa ujumbe.

Hatua ya tano: Jumamosi asubuhi, ukutani

Amka mapema. Ukuta hauna tiketi, na saa mbili asubuhi huwa ni wako na wenye mbwa. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, kwa sababu jiwe likilowa huteleza, na uache mwavuli chumbani. Upepo wa huko juu huugeuza nje ndani katika kona ya kwanza. Koti la mvua lenye kofia ndilo vazi. Wenye watoto wadogo wawashike mikono muda wote, maana vizuizi vya upande wa ndani ni vya chini mahali pengine, na kwa anayetumia kiti cha magurudumu ukuta haupandiki kabisa, ingawa njia ya chini, kando yake kwa nje, inaonyesha mengi.

Anza kwa nje, upande wa kusini, karibu na lango la Porth y Felin, yaani lango la kinu. Inua macho uone safu ya vyoo kumi na viwili vya mawe vilivyochomoza ukutani, kila kimoja na tundu lake chini. Vilijengwa kwa ajili ya watumishi wa mfalme waliokuwa na ofisi zao upande ule. Watoto huipenda sehemu hii kuliko ngome nzima, na watu wazima pia, ingawa hawasemi.

Kisha panda ngazi iliyo upande wa stesheni na ufuate ukuta kuelekea juu ya kilima. Ukuta una minara 21, na jambo la kuchunguza ni kwamba minara mingi haina mgongo: upande wa kuelekea mjini iko wazi. Njia ya juu ya ukuta ilikatika katika kila mnara, na pengo hilo lilivukwa kwa mbao. Adui akifaulu kupanda sehemu moja, walinzi waliziondoa mbao za pande zote mbili, naye akabaki amenaswa juu ya kipande kifupi cha ukuta, akilengwa kutoka minara ya kulia na kushoto, na hata akitazama ndani ya mnara hakuna chumba cha kujificha. Simama ndani ya mmoja wao uangalie. Maelezo haya yote niliwahi kuyasoma bila kuyaelewa, mpaka niliposimama hapo na kuona ni hatua ngapi tu kati ya mnara na mnara.

Mnara ulio juu kabisa, kwenye kona ya magharibi, ndiyo mahali pa kukaa chini na kunywa chai ya chupa. Kutoka hapo mji mzima uko mikononi mwako. Wenyeji husema umbo lake ni la kinubi cha Kiwelshi. Mimi nimejaribu kukiona hicho kinubi nikashindwa, lakini unaonekana wazi mpangilio: mitaa michache iliyonyooka, kanisa katikati, ngome kwenye ncha ya mto, na malango matatu tu. Waliogawiwa viwanja ndani walikuwa walowezi wa Kiingereza, na Wawelshi hawakuruhusiwa kumiliki viwanja humo. Ukuta haukujengwa ili kuwalinda wenyeji, ulijengwa ili kuwaweka nje wenyeji. Ukilitambua hilo ukiwa juu ya ukuta wenyewe, ukiwasikia watu wa chini wakizungumza Kiwelshi wanapofungua maduka yao, utapata maana ya siku nzima.

Endelea kuteremka hadi gatini. Kuna mahali utalazimika kushuka na kupanda tena. Fuata vibao usiruke vizuizi. Kwa mwendo wa kusimama simama, mzunguko huu unakula saa moja na nusu.

Hatua ya sita: Ngomeni

Ngome husimamiwa na Cadw, idara ya serikali ya Wales inayotunza majengo ya kale, na pamoja na ngome za Caernarfon, Harlech na Beaumaris imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1986. Saa za kufungua hubadilika kwa msimu, hivyo ziangalie siku moja kabla. Ukikusudia kuona ngome nyingine, uliza kuhusu pasi ya siku kadhaa. Ingia mara tu mlango unapofunguliwa, kabla mabasi hayajafika, na utenge saa mbili.

Mjenzi mkuu alikuwa James wa St George, fundi kutoka Savoy, na gharama ya ngome pamoja na ukuta ilifika kama pauni 15,000, fedha nyingi kupindukia kwa wakati huo. Kabla hujaingia uwanjani, simama kwenye kibaraza cha ulinzi cha magharibi uangalie juu ya lango: matundu yaliyochomoza juu ya mlango yalikuwa ya kumwagia na kudondoshea vitu vichwani mwa wanaoshambulia, na ni miongoni mwa ya kale zaidi ya mawe yaliyobaki Uingereza.

Ndani, ngome imegawanywa na ukuta mnene katika nyua mbili. Ua wa nje ulikuwa wa askari. Ua wa ndani ulikuwa wa mfalme, na hata maadui wakiuteka ule wa nje, huu wa ndani ungeweza kujitegemea, kwa sababu una mlango wake wa kuelekea mtoni na chakula kingeletwa kwa meli. Katika ua wa nje tazama ukumbi mkubwa ulio upande wa kulia, wenye urefu wa mita 38 hivi na uliopinda kidogo katikati kwa kufuata mwamba. Fundi hakulazimisha mwamba ufuate mraba wake, aliupinda ukumbi. Paa halipo, na katika safu ya matao ya mawe yaliyolibeba limebaki moja tu lililosimama. Mbele kidogo kuna kisima chenye kina cha mita 27, kilichochimbwa katika mwamba mtupu.

Katika minara yote panda miwili tu, usijichoshe. Mnara wa Kanisa, ulio kwenye ua wa ndani, una kanisa dogo la mfalme lililochongwa ndani ya unene wa ukuta, na dirisha la pembeni ambalo mfalme angeweza kusikilizia ibada bila kuonekana. Mwingine ni Mnara wa Mfalme, upande wa reli, kwa ajili ya mandhari: mto, madaraja, na treni ikichomoka kutoka bombani chini ya miguu yako.

Matukio matatu yatakusaidia kuyajaza mawe hayo watu. Majira ya baridi ya 1294 kuingia 1295, Madog ap Llywelyn alipoongoza uasi, Edward mwenyewe alikwama humu, mafuriko yakamkata na misaada, na chakula kikapungua. Mwaka 1399 Mfalme Richard II alirudi kutoka Ireland akakimbilia Conwy, akaahidiwa usalama na mjumbe wa mpinzani wake, akatoka, akakamatwa njiani, na hakuitawala tena nchi. Ninalolipenda zaidi ni la Ijumaa Kuu ya mwaka 1401. Askari walikuwa kanisani mjini. Ndugu wawili wa Kiwelshi, Rhys na Gwilym ap Tudur, walioshirikiana na Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wawelshi wa wakati huo, waliingiza watu wao ngomeni, na inasimuliwa kwamba mlinzi alimfungulia mtu aliyejitambulisha kuwa ni seremala aliyekuja kazini. Ngome iliyogharimu utajiri wa mfalme ilianguka kwa hodi moja. Waliishika kwa miezi kadhaa mpaka walipopatana. Kitukuu wa ndugu yao Maredudd, Henry Tudor, ndiye aliyetwaa taji la Uingereza mwaka 1485.

Hatua ya saba: Jumamosi alasiri, gatini

Shuka hadi ukingo wa maji ukiwa na njaa. Chakula cha Conwy ni kome, na wavuvi wachache bado huwavuna kama zamani, wakisimama ndani ya boti ndogo na kukwangua chini ya maji kwa reki yenye mpini mrefu kuliko boti. Msimu ni Septemba hadi Aprili. Nje ya msimu huo, kome wa mezani wametoka kwingine, na si aibu kuuliza. Mara nyingi hupikwa kwa divai nyeupe, krimu na vitunguu. Asiyetumia divai aseme wakati wa kuagiza, si sufuria ikiwa mezani. Wakiwa wamepikwa kwa mvuke na siagi tu, pamoja na mkate mgumu wa kuchovyea mchuzi, hawahitaji kitu kingine. Ganda ambalo halijafunguka baada ya kupikwa liache.

Ukila nje, mgongo wako uuelekeze ukutani. Shakwe wa hapa hawaombi: hushuka kutoka nyuma na kuondoka na kipande kizima cha samaki, na nimemwona bwana mmoja mwenye suti akibaki ameshika karatasi tupu.

Nyumba nyekundu iliyobanwa ukutani, yenye upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 3 hivi, inatambulika kuwa nyumba ndogo kuliko zote Uingereza. Ina chumba kimoja chini na kingine juu, na ilikaliwa na watu hadi mwaka 1900. Mpangaji wa mwisho alikuwa mvuvi mwenye kimo cha karibu mita 1.9, ambaye hakuweza kusimama wima ndani. Dakika tano zinaitosha. Hufungwa majira ya baridi.

Hatua ya nane: Jumapili, kuchagua kati ya nyumba na mlima

Mvua ikinyesha, nenda Plas Mawr. Nyumba hii ilijengwa kati ya 1576 na 1585 na Robert Wynn, Mwelshi aliyekuwa amewatumikia wakubwa na kusafiri Ulaya, na kuwapo kwake katikati ya mji huu ni mwisho wa hadithi uliyoianza ukutani: miaka mia tatu baada ya Edward, mwenye nyumba ya fahari ndani ya ukuta alikuwa Mwelshi. Dari na kuta zimejaa nakshi za plasta zilizopakwa rangi kali, nyekundu, kijani na manjano, zikirudia nembo za ukoo na herufi R.W. kila unakogeuka. Rangi hizo huwashtua waliozoea kudhani kwamba zamani zote zilikuwa za kahawia. Jikoni ndimo nilimokaa muda mrefu zaidi, nikitazama jinsi nyama ilivyotundikwa juu ya kichwa, mbali na panya.

Hatua chache kutoka hapo ni kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo sehemu ya kuta zake ni za ile abasia iliyohamishwa. Jumapili asubuhi pana ibada, basi ingia kabla au baada yake. Katika uwanja wa mji, Lancaster Square, Llywelyn Mkuu amesimama juu ya nguzo, ndani ya ukuta wa watu waliolichukua kaburi lake. Jeneza lake la mawe liko Llanrwst, na treni ya bonde kutoka Llandudno Junction hufika huko, ila treni za Jumapili ni chache.

Kukiwa wazi, acha yote hayo upande Mynydd y Dref, mlima wa mji, wenye urefu wa mita 244. Ni mwendo wa saa mbili hadi tatu kwenda na kurudi kutoka lango la juu. Farasi wadogo wasiofugwa zizini hulisha njiani, usiwalishe. Agosti mlima huvaa zambarau ya maua ya nyika. Juu kuna mabaki ya Castell Caer Seion, boma la Enzi ya Chuma, mawe yaliyopangwa bila chokaa na watu waliokuwa wameshaelewa, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Edward, kwamba anayeshika mahali hapa anashika mto. Chini yako ngome inaonekana ndogo, ya kuchezea.

Wakati wa kuondoka, kama treni yako inasimama Conwy, simama jukwaani dakika kumi kabla na unyooshe mkono inapojitokeza, ukiushika juu mpaka dereva akupigie honi. Keti upande wa kushoto. Mara baada ya kuondoka utapita kwenye tao lililotobolewa katika ukuta wa kale, kisha mwamba na minara ya ngome itapanda ghafla dirishani, halafu giza la bomba la chuma, na ukitoka kwenye mwanga uko ng'ambo, umebakiza dakika mbili za kushuka Llandudno Junction na kutafuta jukwaa la treni ya Chester.